Asali yako ni halisi. Lakini je, yamfaa mtoto mchanga?

Asubuhi moja ya baridi mwezi wa Julai, mama mmoja kijana aliingia katika kliniki yangu akiwa amembeba mtoto wa miezi mitano mgongoni na mfuko mkononi. Mtoto alikuwa akikohoa. Nilimsikiliza kifua, nikamtazama koo na masikio, nikaona ni mafua ya kawaida. Ndipo nikauliza lile swali ambalo sisi madaktari huuliza karibu kwa mazoea: "Umempa dawa yoyote nyumbani?"

Mama akafungua mfuko, akatoa chupa ambayo zamani ilikuwa ya pombe kali na sasa ilikuwa imejaa asali nyeusi. "Sijampa dawa za dukani, daktari. Nampa hii tu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, sasa ni wiki ya tatu. Na si ile ya kuchanganywa na sukari. Niliijaribu kwa kiberiti, ikawaka."

Nilinyamaza kidogo, kisha nikaanza kumchunguza mtoto upya, tangu mwanzo. Nilimtazama kope za macho, nikaupima uthabiti wa shingo yake, nikamwomba mama amnyonyeshe mbele yangu, nikauliza mara ya mwisho alipokwenda haja ni lini. Mama aliniona nimebadilika, akaingiwa na hofu. "Kwani asali si safi?"

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tuzungumze leo. Mama huyu alikuwa amejibu swali wanalojiuliza wanunuzi wote wa asali mjini: je, ni halisi? Swali langu mimi lilikuwa jingine kabisa. Watu wengi hudhani kwamba ukilijibu la kwanza umelijibu na la pili, nao hukosea. Ili tuone kwa nini, yatubidi tuanzie kwa nyuki mwenyewe.

Kazi ya mzinga

Yale majimaji matamu ambayo nyuki hufyonza katika maua, yaani mbochi, si asali. Aghalabu zaidi ya nusu yake ni maji, na ukiyaacha kwenye kikombe yatachacha kabla ya siku nyingi kupita. Asali hutengenezwa ndani ya mzinga, na ni kazi ya nyuki wengi.

Mtaalamu Karl von Frisch, mzaliwa wa Austria, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi nyuki anayerudi mzingani anavyowaeleza wenzake mahali penye maua. Aligundua kwamba nyuki hucheza ngoma juu ya sega. Akitikisa tumbo huku akienda moja kwa moja kuelekea juu, maana yake ni kwamba maua yako upande uliko jua. Akipinda kulia, nao wapinde kulia kwa kipimo kicho hicho. Kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu zaidi, ndivyo mwendo ulivyo mrefu. Yote haya hufanyika gizani, wenzake wakimpapasa na kumfuata nyuma. Kwa kazi hiyo, von Frisch alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1973.

Nyuki wa nje haweki mbochi katika sega yeye mwenyewe. Humkabidhi nyuki wa ndani, mdomo kwa mdomo. Mwaka wa 1992 mtafiti Mmarekani Thomas Seeley alieleza kwamba nyuki anayekawia kupata wa kumpokea mzigo hucheza ngoma nyingine, ya kutetemeka, ambayo huwaita nyuki zaidi waje kupokea. Wenye maghala hapa mjini wangejifunza kitu.

Wale wa ndani huongeza vimeng'enya kutoka katika tezi zao. Kimoja huivunja sukari ya mbochi iwe sukari sahili. Kingine, kinachoitwa glukosi oksidesi, hutengeneza asidi na kiasi kidogo cha hidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu ukioshea kidonda. Kisha nyuki hupepea kwa mabawa usiku na mchana hadi maji yapungue na kubaki kama asilimia 18 hivi. Hapo ndipo hufunika kila tundu kwa nta.

Kifuniko hicho cha nta ndicho cheti cha ubora cha kwanza. Mrina asali anayekata sega kabla halijafunikwa anaiba kazi isiyokwisha. Maji yakizidi asilimia 20, ambayo ndiyo mpaka wa viwango vya kimataifa kwa asali nyingi, hamira zilizomo huamka na asali huanza kuchacha. Mrina mwingine hukamua masega yenye asali pamoja na yenye watoto wa nyuki, au hufukiza moshi mwingi mno hadi asali inanuka jiko. Huko ni kuharibu kwa haraka tu, wala hakuna sukari iliyotiwa. Mzinga wa viunzi vya juu uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 ulisaidia sana, kwa sababu mfugaji anaweza kuinua sega moja moja, akachukua lililokomaa na kuliacha lisilokomaa.

Na tuseme jema tulilo nalo. Mwaka wa 2009 yule kupe wa nyuki aitwaye Varroa, ambaye amewatesa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, alitambuliwa katika mizinga ya Kenya. Watafiti wa hapa nchini wakishirikiana na wenzao wa Marekani walizunguka sehemu nyingi za nchi, na mwaka wa 2014 wakatangaza kwamba kupe huyo ameenea karibu kote, lakini hawakuona dalili kwamba anaangamiza makundi ya nyuki wetu. Mabaki ya dawa za kuua wadudu waliyoyakuta mizingani yalikuwa machache. Waliwashauri wafugaji wasikimbilie kunyunyiza kemikali. Nyuki wetu ni wakali, kila aliyewahi kuangua embe karibu na mzinga anajua, lakini wanajimudu.

Majaribio ya jikoni

Sasa turudi kwenye kile kiberiti. Watu huchovya kijiti katika asali, hukipangusa, hukiwasha. Kikiwaka husema ni asali halisi. Jaribio hili, likifanya kazi, hutuambia habari za maji tu. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito haina maji mengi, kwa hiyo kiberiti chake pia huwaka. Wengine hutia tone katika glasi ya maji waone kama litazama. Sharubati nzito nayo huzama. Wengine huwategemea sisimizi, ambao kwa maoni yangu hawakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna wale wanaorudisha asali dukani kwa sababu imeganda na kuwa kama chengachenga. Msomaji, asali kuganda ni tabia yake ya asili, hasa ile yenye glukosi nyingi. Iweke chupa katika maji vuguvugu, itayeyuka. Usiichemshe. Moto huviua vile vimeng'enya tulivyovitaja, na huongeza kemikali iitwayo kwa kifupi HMF, ambayo maabara huipima ili kujua kama asali ilipikwa au imekaa mno. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto kama yetu ni 80.

Hata maabara zenyewe zina kibarua kigumu. Miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na mimea mingi inayotembelewa na nyuki, na tofauti hiyo huacha alama katika kaboni ya sukari, alama inayoweza kupimwa kwa mitambo. Walaghai walipojua hivyo, walihamia kwenye sharubati ya mchele, ambayo haina alama hiyo. Mwaka wa 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba kati ya shehena 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje na kuchukuliwa sampuli, 147 zilishukiwa kuwa zimechanganywa. Ikiwa hao wenye mitambo yao yote wanahangaika hivyo, kijiti cha kiberiti kitatuambia nini? Afadhali umjue anayekuuzia, ujue inatoka wapi, na kama ni ya dukani utazame alama ya KEBS. Chupa ya pombe iliyookotwa na kusuuzwa, siisifu.

Chini ya mwaka mmoja

Tuchukulie basi kwamba ile chupa ya mama ilikuwa na asali bora kuliko zote nchini. Bado nisingetaka mtoto wake aionje.

Katika udongo na vumbi kuna bakteria waitwao Clostridium botulinum. Wakiwa katika hali ngumu hujifungia ndani ya spora, ambazo ni kama mbegu zenye ganda gumu. Nyuki anapotua huku na huku anaweza kuzibeba hadi mzingani. Katika asali haziwezi kuota, kwa sababu maji ni machache na asidi ipo. Hukaa tu, zikingoja. Mtu mzima akizila, bakteria wengi wema waliomo tumboni mwake huzinyima nafasi, zikapita zikaenda zao. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujapata walinzi hao. Spora zinaweza kuota humo, na bakteria wakatoa sumu inayolegeza misuli.

Madaktari wa Marekani waliutambua ugonjwa huu wa watoto wachanga mwaka wa 1976, na kabla ya muongo huo kwisha asali ilikuwa imetambuliwa kuwa mojawapo ya njia unazopitia. Jina la botulizimu si geni hapa kwetu pia, ingawa kwa njia nyingine: mwaka wa 1980 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya watu wa Kenya walioupata baada ya kula kumbikumbi. Hao walikula sumu iliyokwisha kutengenezwa katika chakula. Kwa mtoto, kiwanda cha sumu huwa tumboni mwake.

Dalili huanza polepole. Mtoto hufunga choo kwa siku kadhaa. Hunyonya kwa ulegevu, kilio chake hufifia, kope huanguka, shingo hulegea mfano wa mwanasesere wa kitambaa. Mwishowe misuli ya kupumua nayo inaweza kuchoka. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na mzazi aseme wazi kwamba alipewa asali. Akisaidiwa kupumua na kulishwa mapema, wengi hupona.

Ugonjwa huu ni nadra, na watoto wengi walioramba asali hawakupatwa na lolote. Najua bibi zetu waliwapaka watoto asali ulimini siku walipozaliwa, na sisi tuko hapa. Lakini hakuna mtu anayeweza kuitazama chupa akajua kama spora zimo. Kuchemsha hakusaidii, kwani spora hustahimili maji yanayochemka. Kuipika katika uji au keki pia hakuzimalizi. Kwa hiyo kanuni ni fupi: chini ya miezi kumi na miwili, hata tone.

Baada ya mwaka mmoja, mimi mwenyewe huishauri. Mwaka wa 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwachunguza watoto 105 wenye umri wa miaka 2 hadi 18 waliokuwa na kikohozi cha mafua. Waliopewa asali kabla ya kulala walikohoa kidogo na kulala vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kipimo kilikuwa nusu kijiko cha chai kwa wadogo na kijiko kimoja kwa wa miaka 6 hadi 11. Kwa vidonda vya moto visivyo na kina kirefu, uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asali huviponya siku nne au tano mapema kuliko bandeji za kawaida. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa miale ili kuua spora. Tafadhali usije kwangu na mguu ulioungua na kupakwa asali ya steji ya matatu. Nimeshaoga miguu ya namna hiyo mara nyingi.

Na wewe mwenye kisukari unayesema umeacha sukari, sasa unatia asali chai: kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 17 za sukari. Mwili wako haujali kama imepita kwa nyuki.

Mtoto wa yule mama alikuwa mzima. Shingo ilikuwa imara, alinyonya kwa nguvu, choo kilikuwa cha jana. Nilimweleza mama dalili za kuangalia katika majuma yaliyofuata, nikampa siku ya kurudi, naye alirudi na mtoto akiwa amenenepa. Siku ile ya kwanza, alipokuwa akifunga mfuko wake, aliniuliza afanye nini na chupa, maana alikuwa ameinunua kwa pesa nyingi. Akasema labda atampa mama mkwe, ambaye pia anakohoa. Nikamuuliza kama mama mkwe amewahi kupimwa sukari. Akasema hajui, atamuuliza jioni.