Mipira ya Kushonwa ya Baisikeli za Mashindano: Namna ya Kuichagua na Kuigandisha

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France, akavaa jezi ya kijani mpaka mwisho wa mbio. Basi si ajabu kwamba vijana wetu nao watamani baisikeli nyepesi za mashindano. Lakini baisikeli hizo zikiwa mpya ni ghali mno, kwa hiyo aghalabu mtu hununua iliyokwisha tumika Ulaya. Katika hizo, nyingine huja zimefungwa mipira ya namna ambayo mafundi wetu wengi hawajapata kuiona. Nataka kueleza habari ya mipira hiyo, kwa kuwa kutoijua kwaweza kumvunja mtu mifupa, kama ilivyompata mpwa wangu.

Mpwa wangu alinunua baisikeli ya namna hiyo, na mpira wa nyuma ulikuwa umechakaa. Akanunua mwingine, akampelekea fundi. Fundi alipoona ya kuwa mpira huu hauna kingo za kushika ringi, alipaka solusheni ile ile ya kuzibia pancha, akauvika, akautia upepo. Hakufanya hivyo kwa ubaya, maana alitumia ujuzi aliokuwa nao. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, umekaa barabara kabisa." Siku ya tatu, akiteremka mlima, alipopinda kona mpira ulichomoka katika ringi, naye akaanguka akavunjika mtulinga. Tangu hapo nimejitahidi kujifunza jambo hili kwa wanaolijua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mpira wa baisikeli tuliyoizoea una sehemu mbili mbalimbali: tyubu ndani na tairi nje. Tairi lina waya katika kingo zake, na ringi ina kuta mbili za kuzishika kingo hizo. Upepo ukijaa, tairi hujikaza lenyewe katika kuta za ringi. Mpira wa mashindano ninaousema si hivyo. Kitambaa chake huizunguka tyubu yote, kisha hushonwa kwa uzi upande wa chini, na juu ya mshono hubandikwa utepe wa kitambaa. Kwa hiyo umekuwa kama nyoka mmoja wa mviringo, hauna kingo wala waya. Wazungu huuita tubula, nasi tuuite mpira wa kushonwa. Ringi yake nayo haina kuta. Mgongo wake una bonde dogo tu, ambamo mpira hulala na kushikwa kwa gundi. Msomaji na alishike neno hili, maana ndilo shina la mambo yote: kinachoushika mpira wa kushonwa ni gundi.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi watu walichagua taabu hii? Sababu zilikuwa njema. John Boyd Dunlop alipotengeneza mpira wake wa upepo kule Belfast mwaka 1888, ulikuwa umefungwa na kugandishwa katika gurudumu, wala kuutoa haikuwa kazi rahisi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, jamaa ya Michelin, walileta mpira uwezao kuvuliwa upesi, na katika mwaka huo huo Charles Terront aliutumia akashinda mbio za kutoka Paris hata Brest na kurudi Paris. Lakini washindani wengi wa miaka iliyofuata walikaa na mpira wa kushonwa, kwa kuwa ringi isiyo na kuta ni nyepesi kuliko yenye kuta, na gurudumu jepesi hupanda mlima kwa wepesi. Tena gurudumu likipiga jiwe, ringi hii haina kingo kali za kuibana tyubu na kuitoboa mara mbili, kama itokeavyo kwa mipira yetu. Na mpira ukitoboka ghafula, gundi huushika mahali pake, mtu akaweza kusimama salama. Hata zamani za mwanzo wa Tour de France, mbio zilizoanza mwaka 1903, washindani walikuwa wakijizungusha mipira ya akiba mabegani, wakaibadili wenyewe njiani.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mipira yenye kingo imetengenezwa vizuri mno, na ile isiyo na tyubu imeenea sana katika mbio za barabarani, hata vikosi vingi vikubwa vimeuacha mpira wa kushonwa. Bado hutumika katika viwanja vya mbao vya mviringo, na katika mbio za matopeni wakati wa baridi kule Ulaya. Hii ndiyo sababu moja ya magurudumu yake kuuzwa rahisi katika vitu vilivyotumika. Basi mtu asidhani amepata bahati bila kuhesabu gharama ya mipira, gundi na taabu itakayofuata. Kama hujanunua bado, na makao yako ni mbali na mji, shauri langu ni kutafuta magurudumu yenye ringi za kuta. Kama umekwisha kuyapata yale mengine, yafaa uchague mpira kwa kuangalia mambo matano.

Jambo la kwanza ni ringi. Vua mpira wa zamani utazame. Ukiona kuta mbili, mpira wa kushonwa haufai hapo hata kidogo, na ukiona bonde lisilo na kuta, tairi la kawaida halifai. Tena jihadhari na namba. Mpira wa kushonwa wa watu wazima mara nyingi huandikwa 28, na baisikeli nyingi kubwa za chuma tunazoendea shambani nazo huandikwa 28. Namba ni moja, vitu ni viwili, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Watu wamepoteza fedha kwa kuisadiki namba hiyo peke yake.

Jambo la pili ni unene. Ringi nyembamba za zamani zilifanyizwa kwa mpira wa milimeta 21 au 23. Siku hizi watu wengi huchagua milimeta 25 au 28, ikiwa uma na breki za baisikeli zina nafasi ya kuupitisha. Zamani watu walidhani ya kuwa mpira mwembamba ulioshindiliwa upepo mwingi ndio wenye mbio. Sasa imejulikana kwamba katika njia isiyo laini mpira mgumu hurukaruka, na kuruka huko hupoteza nguvu za mwendeshaji. Katika mbio za Paris–Roubaix za Ufaransa, zilizoanza mwaka 1896 na kupita katika barabara za mawe, washindani huchagua mipira minene kuliko ya siku nyingine, tena huipunguza upepo. Barabara zetu zenye lami iliyobomoka na changarawe hazina tofauti kubwa na mawe hayo. Kwa hiyo chukua ulio mnene kadiri baisikeli yako iwezavyo kuupokea. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 aweza kutia ratili 100 hivi katika mpira wa milimeta 23, na 85 hivi katika ule wa 28, kwa kipimo cha pampu kilichoandikwa PSI. Mwenye uzito zaidi ataongeza kidogo, naye asipite kamwe kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa mpira.

Jambo la tatu ni kitambaa na tyubu. Mipira ya thamani hufumwa kwa nyuzi za pamba au hariri, nyembamba na nyingi, nayo hukunjika kwa ulaini juu ya kila kijiwe. Lakini pamba huoza ikikaa na maji, na mbavu zake huchanika upesi. Mipira ya nyuzi za nailoni ni migumu kidogo lakini huvumilia zaidi. Kadhalika kuna tyubu za mpira mwepesi wa asili, ambazo hupoteza upepo usiku mmoja na hutaka pampu kila asubuhi, na kuna tyubu za butili, ambazo hukaa na upepo siku nyingi. Kwa mtu afanyaye mazoezi kila siku katika vumbi na mvua, nailoni na butili zatosha, na hariri tuwaachie washindani wenye mafundi wao. Kitundu cha upepo nacho ni chembamba, chenye skrubu ndogo kichwani ambayo sharti ifunguliwe kwanza, nacho kinataka pampu ifaayo au kiunganishi chake. Na kama ringi ni nene kwenda chini, uliza urefu wa kitundu kabla ya kulipa.

Jambo la nne ni umri. Mpira uliokaa miaka mingi dirishani mwa duka, ukipigwa na jua, huonekana mpya kumbe umekufa. Ukunje kwa vidole utazame. Ukiona nyufa ndogo ndogo juu ya mpira, au utepe wa chini umeanza kubanduka, au mshono umelegea, usiununue hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Jambo la tano, lililo kubwa kuliko yote, ni gundi. Hakikisha kwamba utapata gundi iliyofanyizwa kwa mipira hii, kisha ndipo ununue mpira. Solusheni ya pancha haifai, wala gundi ya viatu, wala gundi ya mbao. Kuna utepe maalumu wenye gundi pande mbili ambao hutumika badala yake, nao ni rahisi kwa asiye na uzoefu, lakini ufuate maagizo yake.

Kazi yenyewe ya kugandisha haitaki nguvu nyingi, bali yataka subira. Kwanza uvike mpira katika ringi kavu bila gundi, utie upepo, uuache siku nzima upate kunyooka. Halafu uuvue, usafishe ringi. Gundi ya zamani ikiwa kavu na yenye kumenyuka, itoe yote. Kisha paka gundi nyembamba katika ringi na katika utepe wa mpira, uache mpaka siku ya pili. Paka ringi mara ya pili, uache tena ikauke. Mara ya mwisho paka ringi safu nyembamba, na kabla haijakauka kabisa uvike mpira. Anza kwa kuingiza kitundu cha upepo, simamisha gurudumu chini, uvute mpira kwa mikono miwili pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka ufike chini, kisha uusukume sehemu iliyobaki kwa vidole gumba. Tia upepo kidogo, zungusha gurudumu, unyooshe palipopinda. Halafu tia upepo mwingi, uache saa 24 bila kuipanda baisikeli. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii msemo huu ni sheria.

Hata baada ya hapo kazi haijaisha. Kila juma toa upepo, usukume mpira ubavuni kwa kidole gumba, kuzunguka gurudumu lote. Ukiona mahali unapofunuka, hata pawe padogo kama ukucha, vua ugandishe upya. Joto ni adui wa gundi. Breki zinazobana ringi, zikishikwa muda mrefu katika mteremko, hutia ringi joto na kuilegeza gundi. Tarehe 14 Julai 2003, katika Tour de France, Joseba Beloki wa Hispania, aliyekuwa wa pili mwaka uliotangulia, alikuwa akiteremka kuelekea mji wa Gap. Jua lilikuwa kali hata lami imeyeyuka. Gurudumu lake la nyuma liliteleza, mpira ukachomoka katika ringi, naye akaanguka akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Wala hakupata tena nafasi kama ile aliyokuwa nayo. Ikiwa jambo hili lilimpata mtu mwenye mafundi hodari nyuma yake, sisi tutajiaminije kwa gundi tusiyoikagua?

Pancha ikitokea njiani hutaweza kuziba papo hapo. Utauvua mpira kwa nguvu, na kuvika wa akiba ambao ulipakwa gundi zamani na kukunjwa chini ya kiti. Mpira huo wa akiba haushikwi kama uliogandishwa nyumbani, kwa hiyo rudi polepole na upinde kona kwa hadhari. Nyumbani utabandua utepe, utafungua mshono kidogo mahali pa tundu, utaziba tyubu kwa kiraka chembamba, utashona tena kwa uzi imara katika matundu yale yale, na kubandika utepe. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, nayo yataka mkono wa mshoni pamoja na wa fundi baisikeli.

Walimu wenye wanafunzi wapendao mashindano, na wazee wanaoombwa fedha za vyombo hivi, na wakague mambo haya kabla ya kukubali. Mpwa wangu amepona, na amerudi barabarani. Safari hii mpira wake aliugandisha mwenyewe kwa siku nne, nami nilikaa kando yake kuhakikisha kwamba hafanyi haraka. Alipotaka kuupanda siku ya tatu, nilimwonyesha bega lake, naye akangoja.