Je, Wajua? Maisha ndani ya boti ndogo, Tanga hadi Shelisheli

Mponde, katika Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, inajulikana kwa chai, si kwa matanga. Hata hivyo, mwenyeji wa huko hatapata tabu kuelewa jinsi watu wawili watatu wanavyoishi kwenye boti ndogo katikati ya Bahari ya Hindi. Upepo ukishashika tanga, zinazobaki ni kazi za nyumbani.

Je, wajua kwamba...

• Kinachokutapisha kwenye kona za barabara ya Mombo hadi Soni ndicho kinachomtapisha baharia? Sikio la ndani linasema mwili unayumba, macho yaliyoinamia simu yanasema umetulia, ubongo unavurugika. Nafuu ni ileile: inua uso, tazama mbali. Baharini wengi huzoea baada ya siku mbili tatu.

• Kutoka Tanga hadi Mahé, Shelisheli, ni maili za baharini zipatazo 1,000, yaani karibu kilomita 1,800? Boti ndogo hukata kilomita tisa hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, ila hailali usiku. Upepo ukikubali, ni siku nane au tisa.

• Kabichi gumu, karoti na viazi, mazao yanayoshuka kila siku kutoka Lushoto, ni mboga zinazopendwa sana na wasafiri wa bahari? Kabichi halikatwi kwa kisu. Hubanduliwa jani mojamoja kuanzia nje, na linalobaki hukaa majuma kadhaa bila friji.

• Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili na kuwapa tiba tofauti? Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Leo tunajua walichopungukiwa: vitamini C.

• Watu wawili wakijipimia lita nne za maji kila mmoja kwa siku, safari ya siku kumi hula madumu manne ya lita 20? Mwenye busara hubeba zaidi, na hayaweki maji yote kwenye tangi moja: likivuja au likichafuka, safari imeharibika.

• Sabuni ya kipande haitoi povu la maana kwenye maji ya bahari, lakini sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutoa? Vyombo na miili huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha kikombe kimoja cha maji baridi cha kusuuzia. Nguo iliyofuliwa baharini haikauki vizuri, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani.

• Jiko la boti hubembea? Hushikiliwa pande mbili tu, hivyo boti ikilala upande, sufuria hubaki wima. Chai humiminwa nusu kikombe. Kwenye majahazi ya zamani moto wa kuni uliwashwa ndani ya sanduku lenye mchanga, mbao zisije zikaungua.

• Usiku hakuna kulala wote? Zamu ni za saa tatu au nne, kwa sababu meli kubwa ya mizigo ikichomoza upeoni yaweza kukufikia ndani ya dakika 20 hivi. Oktoba 2009 maharamia wa Kisomali waliteka boti ya Waingereza wawili iliyotoka Shelisheli kuja Tanzania, usiku, mmoja akiwa zamu na mwenzake usingizini. Walishikiliwa zaidi ya mwaka.

• Mwaka 1897 baharia Joshua Slocum, peke yake ndani ya boti yake Spray, alisafiri siku 23 katika Bahari ya Hindi hadi visiwa vya Keeling, akishika usukani kwa muda usiozidi saa tatu kwa jumla? Alipanga matanga vizuri na kufunga usukani. Boti ikajiendesha, yeye akapika na kusoma vitabu.

• Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, haukuwa na msumari? Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa la mkeka. Maji yalipenya kwenye mishono, basi kuyafua ilikuwa kazi ya kila siku.

• Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, alisimamisha mbio zake Novemba 2022 kumwokoa mshindani? Boti ya Tapio Lehtinen ilikuwa imezama, naye alikaa kwenye boti ya mpira ya kuokolea kama saa 24. Wakanywa ramu kidogo pamoja, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea hadi ushindi wa Aprili 2023.

• Boti ikiingia bandari ya nchi nyingine hupandisha bendera ya njano? Maana yake: tunaomba kukaguliwa. Mpaka maofisa wa afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao, abiria hashuki, hata kama sukari ya chai imemwishia tangu juzi.