Mzee anaweza kuugua bila homa

Nyumbani mtu akisema hajisikii vizuri, tunamshika paji la uso. Lisipokuwa na joto, tunasema si kitu, atapona. Kwa babu au bibi aliyevuka miaka 60, kipimo hicho kinaweza kutudanganya.

Kinga ya mwili ni kama jeshi, na askari wake ni chembechembe nyeupe za damu. Baadhi yake hukomaa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hii hufanya kazi sana utotoni. Baada ya kubalehe husinyaa, na nafasi yake hushikwa na mafuta. Hivyo uzeeni askari wapya huwa wachache. Hata vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini miaka mingi, au vya tetekuwanga vinavyoleta mkanda wa jeshi, hupata upenyo wa kuamka.

Homa nayo huletwa na kinga hiyo inapopambana. Kinga ikidhoofika, nimonia inaweza kumwingia mzee bila mwili kuchemka. Dalili zikawa kukataa chakula, kuanguka, kupumua harakaharaka, kusinzia kupita kiasi au kuchanganyikiwa ghafla. Tusiseme "ni uzee tu". Uzee hauji kwa siku moja.

Kwa ndugu zetu wa Mbinga, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali, na wazee huota moto ndani. Fungua dirisha moshi utoke, kwani moshi hudhuru mapafu. Alfajiri mpashie maji ya udhu.

Ukimteremsha mzee kwenda kwa wanawe ziwani, Mbamba Bay au Liuli, kumbuka huko kuna joto na mbu. Aliyeishi milimani muda mrefu hana kinga ya malaria kama wenyeji wa ufukweni. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

Chakula nacho ni kinga. Usimwekee ugali na mchuzi mtupu. Mpe usipa, maharage na mboga za majani, vilivyopikwa vikalainika kama meno hana. Wanaomhudumia wanawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua asimkaribie.

Ukiona mzee amebadilika ghafla, usisubiri homa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umweleze mganga alivyokuwa jana. Wewe unayeishi naye ndiye unayejua.