Kwa nini apu ya mkopo inataka kusoma SMS zako?

Umepakua apu ya mkopo, na kabla hata haijakuuliza unataka pesa ngapi, inaanza kuomba ruhusa. Isome SMS zako? Ione namba za watu ulizohifadhi? Ijue uko wapi? Wengi tunabonyeza "Ruhusu" mara tatu mfululizo bila kusoma, maana karo haingoji na landlord pia hangoji. Haya, leo tuangalie kile ulichokubali.

Tuanze na SMS, kwa sababu huko ndiko kuna mambo mengi. Chukua meseji moja tu ya kutuma pesa. Ina jina la uliyemtumia, kiasi, tarehe, saa, na mara nyingi salio lililobaki. Sasa zikusanye za miezi sita. Mtu akizisoma zote atajua mshahara wako huingia siku gani, nyumba unalipa lini, kama unacheza beti kila wikendi, unadaiwa na apu gani nyingine, na ni nani unayemtumia pesa kila mwezi bila kukosa. Kompyuta inayasoma hayo yote kwa muda mfupi sana, kisha inaamua kama unafaa kupewa elfu moja au elfu kumi.

Wakopeshaji wana hoja yao, na tusijifanye haina uzito. Chukulia mama anayeuza mboga Githurai. Hana payslip, hana shamba la kuweka dhamana, na benki ikimwona mlangoni inamwambia arudi na statement. Lakini till yake inaingiza pesa kila siku, na meseji zake ndizo ushahidi. Bila hizo, mkopeshaji anakisia tu, na anayekisia huweka riba juu au anakataa kabisa.

Sawa. Lakini ruhusa ya SMS haichagui. Ukiifungua ili apu ione meseji za pesa, umefungua pia code za benki za kuthibitisha kuwa ni wewe, meseji za hospitali, na ile uliyotumiwa na mtu wako saa sita usiku. Tena ruhusa haiishi siku ulipopewa mkopo. Isipokuwa uiondoe, apu inaweza kuendelea kusoma meseji mpya hata baada ya deni kulipwa. Ndiyo maana swali la maana si "wanasoma SMS?" peke yake. Uliza wanasoma zipi, kwa muda gani, na nakala wanaiweka wapi. Sera ya faragha ya apu inapaswa kujibu hayo. Isipojibu, hilo nalo ni jibu.

Kwa namba za watu, msimamo wetu ni mmoja: usiruhusu. Wapo wanaosema, "Mimi sina cha kuficha." Inawezekana huna, lakini namba hizo si zako peke yako. Shangazi yako hakukopa. Bosi wako hakukopa. Fundi wa pikipiki aliyekupa namba yake ukiwa umekwama barabarani hakukopa. Hakuna kati yao aliyebonyeza "Ruhusu", na bado ndio wanaopigiwa simu siku ukichelewa kulipa: "Mwambie fulani alipe deni letu." Wakenya wengi wanaijua simu hiyo. Kuna waliokoseshwa amani kazini na kanisani kwa deni la elfu mbili.

Kisheria, mchezo huo hauruhusiwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019. Mwaka 2022 zikaja kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali, zinazowakataza kuingia kwenye orodha yako ya namba ili kuwasumbua watu wako kwa sababu hujalipa, na pia kukuanika hadharani. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, kisha kuwatumia wenyewe meseji za vitisho na kuwapigia simu.

Na Google iko wapi katika haya? Iko katikati kabisa, kwa sababu simu nyingi hapa nchini ni Android na apu nyingi hupitia Play Store. Zamani, kabla ya Android 6 kutoka mwaka 2015, ulikuwa unakubali ruhusa zote kwa pamoja unapopakua apu, ama uiache. Baadaye ukaweza kukubali moja na kukataa nyingine. Mwaka 2019 Google ikabana apu zinazosoma SMS bila sababu ya msingi. Kufikia mwisho wa Januari 2023, apu za mikopo za Kenya zilitakiwa kuonyesha kuwa zimepewa leseni na Benki Kuu au zimeiomba. Na kuanzia 31 Mei 2023, Play Store inakataza apu za mikopo ya watu binafsi kugusa namba ulizohifadhi, picha zako, na mahali hasa ulipo. SMS haikuingizwa kwenye katazo hilo, na Google iliacha nafasi kwa apu zinazofuatilia pesa kupitia meseji.

Hapa ndipo watu hubishana. Kuna wanaouliza, kwani kampuni ya California ndiyo ituamulie apu gani ifanye nini Kisumu? Wengine wanauliza mbona ilichelewa hivyo, na watu walikuwa wanalia miaka yote hiyo. Kwa maoni yetu, wote wana haki ya kuuliza. Agizo moja la Play Store lilifunga mlango ambao kanuni peke yake ilikuwa bado inahangaika nao. Lakini mwenye ufunguo leo anaweza kubadilisha kufuli kesho, na wewe hukumpigia kura.

Pia ujue kufuli hiyo iko Play Store tu. Ukitumiwa link ya WhatsApp upakue apu moja kwa moja, katazo hilo halikulindi. Apu halali yenye leseni haina sababu ya kukuletea faili ya kupakua kwa meseji. Kwa wenye iPhone, Apple hairuhusu apu za kawaida kusoma sanduku la SMS, ila namba za watu apu bado inaweza kuomba.

Utauliza, na nyinyi je? Apu yetu pia huomba kuona namba ulizohifadhi, ili umchague mtu kwa jina badala ya kuchapa tarakimu kumi. Unaweza kukataa. Utachapa namba mwenyewe, na pesa itafika vilevile.

Sasa chukua simu yako. Kwenye Android nyingi, fungua Mipangilio, nenda kwenye Programu, chagua apu, kisha Ruhusa. Kila ruhusa usiyoielewa, iondoe. Apu ikihitaji kweli, itaiomba tena. Kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni, si la apu tu, kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Orodha ya kwanza, Septemba 2022, ilikuwa na wakopeshaji 10 kati ya 288 waliokuwa wameomba, kwa hivyo usidhani kila apu unayoiona kwenye tangazo imo.

Kuondoa ruhusa hakufuti kilichokwisha kunakiliwa, na kufuta apu pia hakukifuti. Iandikie kampuni uitake ifute data isiyo na haki ya kuendelea kuiweka, na uhifadhi nakala ya barua pepe hiyo. Wakikupuuza, au watu wako wakianza kupigiwa, piga screenshot za meseji, andika tarehe na namba zilizopiga, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza na kumaliza. Aliyepigiwa simu anaweza kulalamika mwenyewe, hata kama hajawahi kukopa shilingi. Deni lenyewe, hata hivyo, halifutwi na malalamiko. Endelea kulilipa wakati kesi ikiendelea.