AHADI IPI NI DENI? MKATABA NA KALAMU YA ASKARI

Kila mwisho wa mwezi, mshahara uingiapo, lango la kambi huwa na wageni wengi. Yupo mwenye kiwanja cha kuuza, yupo mwenye pikipiki, yupo mkopeshaji wa fedha, na mara nyingi yupo ndugu wa kikosi kimoja atafutaye mdhamini. Karatasi hutolewa mfukoni, kalamu hunyoshwa, na sauti husema: "Afande, tia sahihi hapa tu." Askari aliyefunzwa kuikagua bunduki yake kabla ya kwenda lindoni hutia sahihi bila kufungua hata ukurasa wa pili. Miezi michache baadaye mshahara hukatwa, karo ya watoto hukosekana, naye huuliza: "Nilikosea wapi?"

Alikosea pale alipodhani kwamba karatasi ni jambo dogo. Makala hii yakusudia kuwaeleza wapiganaji na askari polisi misingi ya mkataba kama ilivyo katika Uganda, ambako mambo haya yanatawaliwa na Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika uungwana, kila ahadi ni deni. Mbele ya mahakama sivyo. Kabla ya kuilinda ahadi, sheria huuliza maswali machache, na mwenye kuyajua hadanganyiki kwa urahisi.

Swali la kwanza: je, palikuwa na pendekezo, na je, lilikubaliwa kama lilivyotolewa? Mtu akikuambia, "Nakuuzia pikipiki hii kwa shilingi milioni 4," nawe ukajibu, "Nitakupa milioni 3," hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na lile la kwanza limekufa. Akimwuzia mwingine jioni ile, huna la kumdai.

Swali la pili: je, kila upande umetoa kitu chenye thamani kwa ajili ya kile unachopokea? Ahadi ya bure ni zawadi, si mkataba. Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza, nchi ambayo sheria yake ndiyo chimbuko la sheria yetu ya mikataba, ilisikiliza madai ya baharia mmoja aitwaye Stilk. Katika safari ya bahari ya Baltiki, mabaharia wawili walitoroka. Nahodha akawaahidi waliobaki kwamba watagawana mishahara ya watoro wakiirudisha merikebu London. Waliirudisha, lakini nyongeza haikulipwa. Stilk alishitaki akashindwa, kwa sababu mkataba wake wa awali ulikuwa umekwisha kumlazimisha kufanya kazi ile hata wakati wa dharura. Hakutoa lolote jipya.

Polisi nao wana kesi yao. Mwaka 1921, wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe, kampuni moja ya Wales iliomba askari wapige kambi ndani ya mgodi wake. Mkuu wa polisi aliona kwamba doria ingetosha, lakini akakubali kuweka walinzi 70 kwa malipo. Baadaye kampuni ilikataa kulipa. Kesi ilifika katika Baraza la Malodi la Uingereza, nalo likaamua mwaka 1924 kwamba malipo ni halali, kwa kuwa ulinzi ule ulizidi kile ambacho wajibu ulidai. Tena mapatano yalifanywa na mamlaka yenyewe, si na konstebo kwa ajili ya mfuko wake. Funzo li wazi. Kazi ambayo sheria imekwisha kukuamuru kuifanya haiuzwi. Mwananchi aliyeibiwa hafungi mkataba nawe anapoleta shauri lake kituoni.

Swali la tatu lahusu watu wenyewe. Anayefunga mkataba yapasa awe mwenye akili timamu, na kwa kawaida awe ametimiza miaka 18. Tena yapasa akubali kwa hiari. Mkataba uliopatikana kwa vitisho, kwa ulaghai au kwa maelezo ya uongo, aliyeonewa aweza kuutangua. Mwenye sare na alitafakari neno hili: mwuzaji aliyekubali bei kwa sababu aliona bastola kiunoni mwako hakukubali.

Swali la nne: je, jambo lenyewe ni halali? Atakayeahidi kumwuzia raia mafuta au sare za serikali hana mkataba, ana kosa. Asiende mahakamani kudai bei yake, maana hatasaidiwa.

Yafuatayo ni maandishi. Katika Uganda, mkataba wa jambo ambalo thamani yake inazidi vipimo 25 vya fedha, yaani shilingi 500,000, sharti uandikwe. Dhamana nayo sharti iandikwe, iwe kubwa au ndogo. Hivyo ununuzi wa kiwanja kwa kupeana mikono chini ya mwembe ni hatari, hata kama muuzaji ni rafiki. Na kama kiwanja hicho ndipo familia yake inapoishi na kupata riziki, ulizia pia idhini ya mke au mume wake, maana Sheria ya Ardhi inaidai.

Lakini maandishi ni kisu chenye makali pande mbili. Huko Wales, mwanamke mwenye mkahawa, Bi. L'Estrange, alinunua mashine ya kuuzia sigara. Mashine ikaharibika. Alipodai haki yake, alionyeshwa karatasi aliyoitia sahihi, yenye maneno madogo mno yaliyomwondolea muuzaji dhima. Bibi alisema hakuyasoma. Mwaka 1934 mahakama ikamjibu kwamba aliyetia sahihi hati ya mkataba, pasipo kudanganywa, amefungwa nayo, asome asisome. Kwa hiyo soma ukurasa wote, na maneno madogo uyasome mara mbili. Usiyoyaelewa, uliza. Usitie sahihi penye nafasi tupu. Dai nakala yako, uihifadhi.

Hatari kubwa kuliko zote kambini ni dhamana. Rafiki mliyelala naye handaki moja anakuomba umdhamini mkopo, nawe waona haya kumkatalia. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na katika dhamana, arusi ni ya mwenzako, matanga ni yako. Msipoandika vinginevyo, deni la mdhamini ni sawa na deni la mkopaji, nalo huanza kumkabili pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Akihamishiwa kikosi cha mbali au akitoroka jeshini, mkopeshaji atakujia wewe. Kabla ya kumdhamini mtu, jiulize: kama angeniomba leo nimpe fedha hizi zote, ningempa? Ikiwa sivyo, mwambie pole kwa upole, na urafiki utabaki.

Je, mkataba ukivunjwa? Aliyeumizwa ana haki ya fidia, na mlango wake ni mahakama. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka 6. Kwa madai madogo, kanuni za mwaka 2011 zilianzisha utaratibu mwepesi kwa mashauri yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo wadai husimama wenyewe pasipo wakili.

Hapa ndipo askari anapojaribiwa. Mfanyabiashara huja kituoni akisema, "Fulani hanilipi, mkamate." Kushindwa kulipa deni, peke yake, si kosa la jinai. Aliyejipatia mali kwa hila tangu mwanzo, huyo ni mhalifu, na achunguzwe. Lakini aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa hana hatia ya kuwekwa mahabusu, na selo ya polisi si ofisi ya kukusanyia madeni. Vivyo hivyo mpiganaji anayedai fedha zake asiende na wenzake wenye silaha kuzichukua. Hata kama deni ni lake kweli, njia ile itamgeuza mdai kuwa mshitakiwa.

Tumefundishwa kwamba risasi ikishatoka haiitwi ikarudi. Sahihi nayo ni hivyo hivyo. Basi mwezi ujao, kalamu itakaponyoshwa langoni, ipokee, uiweke kando, ukae chini, usome kwanza.