Kimbilio la Waliofikwa

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi akifika Nanganga hukuta njia panda, moja ikimpeleka Ruangwa na Nachingwea, na nyingine ikiendelea hadi Ndanda. Na ni wachache wapitao hapo wakakumbuka ya kwamba nchi hii, ambayo leo yasifika kwa korosho na ufuta, iliwahi kufikwa na msiba uliowaacha watu wake wasiwe na pa kukimbilia ila kwa Mola wao.

Vita vya Maji Maji vilipoingia huku mwaka 1905, misheni ya watawa Wabenediktini huko Nyangao iliteketezwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza uhai wake. Kisha askari wa Kidachi wakachoma vijiji na maghala ya nafaka, ikaja njaa ambayo katika nchi za kusini iliua raia wengi kuliko risasi. Wabenediktini walirudi, na mwaka 1906 wakaweka makao Ndanda, ambako hata sasa Zaburi zaimbwa kwa saa zake, na nyingi miongoni mwazo ni kilio cha mtu aliyedhulumiwa, asiyemficha Mungu uchungu wake. Katika miaka ile ile Uislamu nao ulizidi kuenea bara kutoka pwani, na masheikh wa tarika ya Kadiria wakafundisha dhikiri.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku, ni sunna, balaa liishukiapo jamii, kusoma dua ya kunuti katika kila sala ya faradhi: imamu, akisha kuinuka kutoka rukuu ya mwisho, huinua mikono na kuomba, na maamuma nyuma yake huitikia amina, hata yule ambaye huzuni imemfunga kinywa asiweze kuomba mwenyewe.

Nami nasadiki kwamba faraja ya dua imo humo hasa, katika ruhusa ya kushtaki. Wako wanaomwambia mfiwa kuwa machozi ni upungufu wa imani, na hao wamekosea sana. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusufu hata macho yakapofuka, na subira yake ikabaki njema, kwa kuwa shakwa yake aliipeleka kwa Mwenyezi Mungu.

Basi, ndugu msomaji, umwendeapo jirani aliyefikwa, usimkataze kulia. Omba pamoja naye, na uende na kibaba cha unga.