Lupita na Lafudhi ya Nyumbani

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alichekwa darasani. Alikuwa anawasilisha kazi ya kikundi kwa Kiingereza, lafudhi yake ya Kisukuma ikasikika, basi watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena mwalimu mtarajiwa! Aibu ilinijia baadaye, nilipofuatilia safari ya Lupita Nyong'o.

Wengi tunamjua kwa Oscar na Black Panther, kana kwamba alidondoka tu Hollywood. Sio hivyo. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, akakulia Kenya, na akiwa na miaka 14 aliigiza kama Juliet wa Shakespeare jukwaani Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa nyuma ya kamera, akifanya kazi za kutumwatumwa. Mwaka 2009 akaonekana kwenye tamthilia ya Shuga, na akatoa In My Genes, filamu yake kuhusu Wakenya wenye ualbino. Kisha akaenda Yale, Marekani, kusomea uigizaji.

Mwenyewe amesimulia kwamba huko alijifunza lafudhi ya Kimarekani ili apate kazi. Hapo hakuna kosa: mwigizaji anahitaji lafudhi nyingi, kama fundi anavyohitaji spana za saizi tofauti. Shida ni kwamba aliivaa hata nje ya kazi, ya nyumbani akaiweka kando. Alihitimu 2012, na Machi 2014 akapata Oscar kwa 12 Years a Slave. Ni katika kipindi cha kuitangaza filamu hiyo ndipo alipoamua kuongea tena kwa lafudhi yake ya Kenya.

Je, kazi zilikauka? Wapi! Mwaka 2016 alikuwa Broadway na Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwahi kuliona. Kwenye Us (2019) aliigiza watu wawili wenye sura moja, na sauti ndiyo inayowatenganisha. Halafu 2025, kwenye Twelfth Night ya Shakespeare, yeye na mdogo wake Junior waliigiza mapacha katika bustani ya Central Park, New York, na kuna mahali walizungumza Kiswahili. Kiswahili, ndani ya Shakespeare!

Kwa hiyo tujifunze lafudhi zote tunazotaka, ila tusizitumie kufuta ya kwetu, wala kumfunga mtu mdomo. Mwenzetu yule tangu siku ile hajanyanyua mkono darasani. Nimeshamwomba radhi. Akasema yameisha, lakini bado hanyanyui mkono. Na mimi hivi karibuni naenda kufundisha kwa mazoezi, darasa zima likinisikiliza.